Mama aliacha sukari mu chai, glisemi (sukari ya damu) inapanda tu. Kuko bukari (ugali) ya polepole?

Mwana_Katuba

Jambo yenu bandugu na badada. Niko na swali, mwenye kujua ile mambo anisaidie tafazali. Mama yangu iko na ugonjwa ya sukari tangu zamani kidogo, miaka yake imepita makumi sita, dawa anakunywaka muzuri bila kusahau. Munganga alimwambia aache bintu ya sukari, na yeye ni mutu wa kutii, aliacha sukari mu chai, aliacha fanta, biskwi, hata gato ya ndoa anakatalaka mpaka watu wanafikiri anajivuna. Lakini glisemi inapanda tu. Asubuhi mbele ya kula tunapata 130 na kitu (aparei yetu inahesabu mg/dL), tunasema aksanti Mungu, kisha midi anakula bukari na sombe na kipande ya tomson (samaki), masaa mbili nyuma tunamutoboa kidole tena, aparei inasema 240, na siku ingine inapita pale. Juu ya nini? Bukari haina hata kijiko moja ya sukari ndani, ni unga na maji!

Ku kartie sasa kila mutu iko na masomo yake. Jirani wa mbele anasema tuache unga ya mahindi tukamate ya mihogo, eti mihogo inaenda polepole mu damu. Jirani mwingine anasema bukari yenye imelala, ile ya jana, ikipoa sukari inakufa ndani. Shangazi yetu wa Kipushi yeye anasema mama akunywe munkoyo mingi, haina sukari ya dukani, ni mizizi ya pori. Na ku soko kuko kijana moja anauza poda mu kachupa, anasema ukilamba asubuhi unaweza kula chochote siku nzima, ule nilimuacha na kachupa yake.

Swali: kuko bukari yenye haipandishe sukari mbio? Na kama haiko, ni lazima mama aiache kabisa? Miye minamujua mama yangu, umutolee fanta atakubali, umutolee nyama atakubali, lakini umutolee bukari atasema basi munizike.

Muzee_wa_Ruashi

Kijana, aache bukari, kwisha. Bukari ni sukari yenye imevaa shati nyeupe. Ndugu yangu wa tumbo moja aliacha, sasa anakula mboga na nyama na mayai tu, suruali zote zinamuanguka na iko na nguvu ya kijana. Munapenda kuzunguka na maswali wakati jibu munalijua.

MamaKenya

Papa Muzee heshima kwako lakini nyama na mayai ya kila siku, na pesa gani? Weye unakaa Ruashi ao Golf, kwa batajiri? Bwana yangu na yeye iko na sukari, bukari tunakulaka ku nyumba na hakuna mutu amekufa. Mwana wa Katuba ungojee kidogo, kuko enfirmie humu anajuaka kueleza. @Enfirmie_Lshi kuya papa, watu wanapotezana hapa

Enfirmie_Lshi

Niko mama, nilikuwa gadi usiku ndiyo natoka kulala.

Mwana_Katuba pole na mama. Kwanza mumefanya kitu ambacho wengi hawafanyi, munapima nyuma ya kula. Wengine wanapima asubuhi tu, wanaona 120, wanalala usingizi, kumbe mchana sukari inatembea juu masaa mengi bila mtu kujua. Masaa mawili muyahesabu kuanzia tonge la kwanza, si mwisho wa kula. Na anawe mikono na sabuni mbele ya kutoboa, kipindi cha maembe nimeona mtu anamenya embe halafu anapima, aparei inasoma maji ya embe yaliyo ku kidole na familia nzima inaanza kulia.

Sasa bukari. Haina sukari kwa ulimi, lakini wanga wote (mahindi, muhogo, mchele, mkate, viazi) ni glukozi tupu zilizoshikana mnyororo mrefu, mamia na maelfu. Ulimi hausikii utamu wa mnyororo, unasikia vipande vidogo tu. Jaribu, chukua tonge bila mboga ulitafune muda mrefu bila kumeza, utasikia utamu unatoka taratibu, hapo mate yameshaanza kukata. Kazi kubwa inamalizwa mu utumbo mdogo na vimeng'enya vya kongosho, glukozi inapita damuni. Hiyo inatokea kwa mimi, kwa wewe, kwa kila mtu. Shida ya mama ni mbio ya kuingia, sababu insulini yake haitoshi ao mwili hauisikilizi, kwa hiyo glukozi zikiingia nyingi pamoja zinakosa wa kuzipokea.

Mwaka 1981 kule Toronto, Kanada, profesa David Jenkins na wenzake walichukua vyakula 62, wakawapa watu wazima wa afya waliokuwa bado kula, wakapima damu yao masaa mawili, wakalinganisha na glukozi safi. Glukozi wakaipa 100. Ndiyo ile indeksi ya glisemi munayosikia: 55 kushuka ni polepole, 70 kupanda ni mbio. Tangu pale vyakula vingi sana vimepimwa, mkate mweupe unakaa karibu 75, wali mweupe 73, na sukari yenyewe ya chai iko 65. Ndiyo, sukari chini ya mkate, sababu nusu yake ni fruktozi na fruktozi haigeuki glukozi ya damu haraka. SISEMI mama arudishe sukari mu chai, naomba musinipigie simu. Nasema yule aliyetoa vijiko viwili mu kikombe halafu akaacha mlima wa bukari ku sahani kama ulivyo, ametoa gramu kumi akaacha mia.

Kinachofanya wanga uende mbio ao polepole ni vile umefunguliwa. Punje ya mahindi nzima iko na ngozi, iko na kuta ndani, kimeng'enya kinapata shida kuingia. Mashini ikishapita, kuta zimevunjika. Halafu maji ya moto, chembe za wanga zinakunywa maji, zinavimba, zinapasuka. Mama akisonga bukari na mwiko unaanza kuwa mzito mu mkono, ule uzito ndio wanga unafunguka. Kwa hiyo nikujibu straight, bukari ya polepole kabisa haiko, sababu kupika bukari ni kufanya kila kitu chenye kuharakisha wanga, unasaga laini, unaweka maji, unaweka moto, unasonga. Mahindi ya polepole ni yale hayakupita mashini. Mahindi makavu ya kuchemsha pamoja na maharagi, vile wazee walikuwa wanakula, ni chakula kingine kabisa ku damu hata kama ni mahindi ya shamba moja.

Mukitaka kuona nguvu ya moto, angalieni maizena (unga wa wanga wa mahindi). Kuko watoto wanazaliwa na ugonjwa ambao ini inashindwa kutoa sukari yake, usiku sukari inashuka vibaya, na tangu 1984 waganga wanawapa maizena MBICHI mu maji ya baridi, inachukua masaa mengi kuvunjika, mtoto anapita usiku. Ukiipika uji, unga ule ule, inaisha mbio na mtoto anaanguka tena. (Hiyo ni ya wale watoto na munganga wao, musimpe mama maizena mbichi.)

Jirani wa mihogo: hapana. Wanga uko wa aina mbili, mmoja umenyooka, amilozi, ule unakatika polepole, mwingine uko na matawi mengi, amilopektini, kimeng'enya kinaukata pande zote kwa pamoja. Mahindi ya kawaida yako na amilozi karibu robo, muhogo uko chini ya pale. Na unga wa mihogo hauna protini ya maana. Anayependa mihogo akule mihogo, lakini asiite dawa.

Jirani wa bukari ya jana ana kitu kidogo. Wanga uliopikwa ukipoa, minyororo inarudi kushikana na sehemu fulani inakataa kukatwa tena, hata ukipasha moto inabaki hivyo kwa kiasi. Lakini ni sehemu ndogo, haitatoa mama ku 240 kumuleta ku 150. Na bukari iliyolala bila friji mu joto yetu itamletea tumbo.

Mbele sijasema akule nini nataka kujua: anakunywa dawa gani, majina? Na mchana anatetemekaka?

MamaKenya

Mimi ya munkoyo imenichekesha sababu miye minatengenezaka na minauzaka. Wacha niwaambie namna inafanyika mutaelewa wenyewe. Unapika uji ya mahindi nzito, nzito ya kweli, unaitosha ku mbabula (jiko ya makala) unaacha ipoe ikuwe ya uvuguvugu, kama ingali moto sana mizizi inakufa na haitafanya kazi. Unatia mizizi ya munkoyo yenye umetwanga. Unakoroga. Mbele ya macho yako ile uji inayeyuka!! Ilikuwa inashika kijiko, sasa inatiririka sawa maji, na ukionja iko tamu na haukutia sukari hata punje. Zamani miye nilikuwa nasema ni baraka ya pori

Enfirmie_Lshi

Mama umeeleza kuliko mimi. Mizizi ya munkoyo iko na kimeng'enya ndani yake, ndugu ya kile cha mate na kongosho. Kinakata wanga wa uji mu sufuria, mbele haujafika ku mdomo. Uji unakuwa mwepesi sababu minyororo imekatika, na unakuwa mtamu sababu vipande sasa ni vidogo. Kwa hiyo munkoyo mpya, ule wa siku ya kwanza, ni kazi ya tumbo imefanyika mapema. Ukilala ukaanza kuchacha vijidudu vinakula sehemu ya ule utamu, lakini wauzaji wengine wanaongeza sukari (sikusemi wewe mama).

Shangazi wa Kipushi anisamehe. Kikombe kidogo ku sherehe sawa, "mingi sababu haina sukari" hapana.

MamaKenya

Miye siongezake 😂 ila ule wa ku kona anaongezaka

Jado_Kasumbalesa

Wakubwa salamu. Miye niko naingiza unga ya Zambie, na niko na mashini yangu pia, ninaweza kuongeza kitu. Ile unga nyeupe pe pe pe yenye watu wa Lubumbashi wanapenda, wanaita brekfasti, imetolewa ngozi na kiini cha punje, inabaki wanga peke yake. Ile ya rola inabakisha kidogo, ni ya bei chini na watu wanaona haya kuipikia wageni. Na kuko ya tatu, Wazambie wanaita mugaiwa, unaleta mahindi yako unasaga yote bila kukoboa, inatoka na rangi. Enfirmie, kama ni maneno ya kufungua punje, mugaiwa si ndiyo jibu ya huyu kijana? Mafutamafuta ya kiini iko ndani, pumba iko ndani. Sisemi sababu minauza 😅

Enfirmie_Lshi

Unasema sababu unauza 😂 lakini uko na sehemu ya ukweli. Mugaiwa ni chakula bora, iko na vitamini, madini, nyuzi za kusaidia choo, na inashibisha kuliko ile nyeupe kwa hiyo mtu anaacha mapema. Hiyo peke yake ni faida. Lakini kwa mbio ya sukari usiahidi watu sana. Mkate mweupe nilisema 75, mkate wa ngano nzima unajua ngapi? 74. Pumba iko ndani, ndiyo, lakini imesagwa unga pamoja na vingine, haifungi mlango tena. Kinachosaidia ni ukubwa wa vipande. Ukimsagia mtu mahindi ya kukatakata, vipande vya kuonekana, vya kupika sawa mchele, hapo damu itaona tofauti. Ukisaga laini sawa poda, kukoboa ao kutokoboa, tofauti inabaki ndogo.

Jado_Kasumbalesa

Sawa mukubwa. Mashini inaweza, unabadilisha tu chekeche. Shida ni watu, wakiona vipande wanasema nimeharibu unga yao

Mwana_Katuba

Aksanti sana wote, nimesomea mama kila kitu ameniambia "sasa ule enfirmie aliniona wapi nikitafuna bukari". Dokta uliuliza dawa: niliangalia ku boite, ni metformine mara mbili na glibenklamide asubuhi. Kutetemeka, ndiyo, nilimuuliza akakubali, siku zenye anachelewa kula, kama ameenda ku kanisa ao ku matanga, saa kumi saa kumi na moja anatokwa jasho na mikono inacheza. Yeye alifikiri ni tansyo (presha). Na sisi tukiona vile tunamupa nini, karanga ya kukaanga ya mukono moja, kisha anakaa chini inaisha nyuma ya muda.

Enfirmie_Lshi

Hapa ndiyo nilikuwa nangojea, na Muzee wa Ruashi naomba na wewe usome na macho mawili.

Glibenklamide inasukuma kongosho litoe insulini, mama akule asikule. Metformine peke yake haina tabia hiyo, glibenklamide iko nayo, na kwa watu wenye umri inakaa mwilini muda mrefu, zaidi kama figo zimechoka. Sasa chukua mama wa miaka makumi sita, dawa hiyo ndani, halafu mwambie "acha bukari, kwisha" kuanzia Jumatatu. Insulini itatoka vilevile na haitakuta kitu. Ataanguka, na akianguka usiku hakuna atakayejua. Kwa hiyo mbele ya kupunguza bukari kwa nguvu, mupeleke ku munganga wake na museme maneno mawili: nyuma ya kula anapanda 240, na mchana akichelewa anatetemeka. Hayo mawili pamoja yanaonyesha dawa na saa za chakula haziendani. Munganga anaweza kupunguza, kubadilisha, kupanga upya. Mimi sigusi dozi kutoka hapa.

Wakati wa kutetemeka mumpime. Chini ya 70 sukari imeshuka. Na hapa vyakula vya polepole ni KOSA. Karanga ni mafuta na protini, wanga wake kidogo, sukari haitapanda kwa haraka unayohitaji. Imekuwa inaisha sababu ini lake linasaidia, siku moja linaweza kuchelewa. Kama yuko macho na anameza vizuri: vipande vitatu vya sukari ya mezani, ao vijiko vitatu vya chai mu maji, hiyo ni gramu 15 hivi. Mungoje dakika 15, mupime tena, kama ingali chini murudie. Ikishapanda ndiyo akule kitu cha kukaa, bukari na maharagi, hapo polepole inakuwa rafiki, inamshika asishuke tena. Kama aparei haiko karibu, mumpe sukari bila kungoja. Kama amezimia musimtie kitu mdomoni, ni kukimbia lopitali. Fanta aliyoacha, chupa moja ikae mu kabati kwa siku hiyo. (Kuko dawa ingine, akaboze, inafunga vile vimeng'enya vya mu utumbo. Mwenye kuitumia akishuka sukari ya mezani haimsaidii mbio, anahitaji glukozi ya farmasi. Mama haitumii lakini mtu mwingine anayesoma labda.)

Mwana_Katuba

Eeeh Mungu wangu. Karanga! Sawa, chupa ya fanta nimeinunua leo nimeandika jina yake juu watoto wasiguse. Tutaenda ku munganga wiki hii. Lakini dokta ukimaliza na dawa, sahani yake sasa inakaa namna gani? Sababu ulisema bukari haitakuwa polepole

MamaKenya

Ile ya sahani wacha nijibu, enfirmie ataongeza. Bwana yangu alikuwa anakula sawa bwana yako na wangu na wote, mlima ya bukari na kasombe pembeni ya kulowesha tu. Enfirmie wa lopitali alimwambia "anza na mboga, bukari nyuma", akarudi ku nyumba na kasirani, ati mboga bila bukari ni nini, nitakamata na nini, na kidole? Ni kweli kwetu mboga inapitaka mu mukono na bukari. Basi nilifanya hivi: minamuleteaka maharagi kwanza, mu bakuli, na kijiko, na mchuzi yake na kitunguu, peke yake, wakati bukari ingali ku mbabula. Siyo kwamba nimechelewa, nimefanya makusudi 😂 anakula maharagi sababu njaa inauma, akimaliza ndio minaleta bukari na lengalenga na samaki. Mwenyewe anakamata nusu ya ile ya zamani na anasema ameshiba. Sikumwambia ni rejimu.

Maharagi inakulaka makala sana minajua. Uloweke usiku kucha, umwange ile maji, asubuhi inaiva mbio na makala inabaki.

Enfirmie_Lshi

Siongezi mingi sababu mama amemaliza. Kule New York walichapisha uchunguzi 2015, ni watu 11 tu wenye sukari na wanakunywa metformine, wakawapa chakula kilekile siku mbili tofauti, kuku na mboga na mkate na juisi. Siku moja mkate na juisi kwanza, siku ingine mwisho. Siku ya mkate na juisi mwisho, nyuma ya saa moja sukari ilikuwa chini karibu 37 kwa mia. Chakula kilekile! Protini na nyuzi zikitangulia tumbo linafungua mlango wa chini polepole. Ni uchunguzi mdogo, lakini unaenda sawa na kile mama anaona ku bwana yake.

Na maharagi yenyewe iko 24 tu ku ile indeksi, soya 16. Ukuta wa punje yake ni mgumu hata baada ya kupika, na amilozi iko nyingi. Kitu kinachonifurahisha zaidi ni kwamba maharagi ya usiku yanasaidia hata sukari ya asubuhi inayofuata, sehemu ambayo haikukatika inashuka ku utumbo mkubwa, vijidudu vinaichachisha, na kile kinachotoka pale kinasaidia mwili kupokea chakula cha nyuma. Hakuna kachupa ya poda ku soko yenye inafanya hivyo.

Bukari yenyewe ibaki kiasi cha ngumi ya mama, ngumi yake siyo yako. Na akishakula asilale pale pale, atembee, hata kuzunguka parsela dakika kumi na tano, misuli ikifanya kazi inavuta sukari bila kungoja insulini. Munganga wengi wanaomba nyuma ya kula ikae chini ya 180, kwa mtu wa umri na anayeshuka kama mama wanaweza kukubali juu kidogo, hiyo wataamua wao.

Bandeleti (vikaratasi vya aparei) ni gali najua. Musitoboe ovyo. Chagua chakula kimoja, pima mbele na masaa mawili nyuma, badilisha kitu kimoja tu, siku ingine pima tena vilevile. Hapo mutajua mwili wa mama unasema nini, sababu tarakimu zangu zote ni za watu wengine.

Chance_Goma

Salamu toka Goma. Sisi huku ni foufou na viazi, viazi mbatata za kila siku sababu ndizo ziko, na ndizi za kupika. Zenyewe ziko wapi mu hiyo hesabu?

Enfirmie_Lshi

Mbatata ya kuchemsha inapanda sana, karibu 78, na ukiiponda inaongezeka. Kiazi kitamu cha kuchemsha kiko karibu 63, cha kuchoma ku makaa kinapanda zaidi ya pale. Ndizi za kupika zikiwa bado kijani ziko na wanga unaokataa kukatwa, zikiiva njano wanga umegeuka sukari, kwa hiyo chagua za kijani. Na huko kwenu maharagi ya Rutshuru na Masisi iko mlangoni, munalalamika nini?

Chance_Goma

Bei 🙄 lakini umesikika

Muzee_wa_Ruashi

Nimesoma yote. Hii ya glibenklamide sikuijua, nitamuuliza ndugu yangu anakunywa nini. Sasa enfirmie, swali ya pembeni. Yeye iko nayo, marehemu papa yetu alikuwa nayo, miye sijapimaka hata siku moja, najisikia muzuri, ila usiku naamuka kukojoa mara nyingi na nilisema ni uzee. Ni tarakimu gani yenye mtu anaambiwa tayari uko mugonjwa?

Enfirmie_Lshi

Papa, baba na ndugu wa tumbo moja, na usiku unaamka? Nenda upime. Asubuhi bila kula masaa 8: ikifika 126 ao zaidi, na wakirudia siku ingine ikawa vile vile, ni ugonjwa wa sukari. Kati ya 110 na 125 uko njiani, na hapo ndiyo chakula na kutembea vinasaidia kuliko wakati wowote. Ukiwa na kiu nyingi na kukojoa sana, halafu kipimo cha saa yoyote kikapita 200, hawangoji tena.

Muzee_wa_Ruashi

Nitaenda Jumatatu. Chai bila sukari inaruhusiwa ile asubuhi?

Enfirmie_Lshi

Maji tu papa. Chai utakunywa ukitoka.